Beringi za magurudumu na ekseli ya mbele ya Land Cruiser: tathmini ya gereji moja ya Unga Limited, Arusha

Gari ninaloendesha ni Land Cruiser HZJ79 iliyorefushwa, yenye injini ya 1HZ, paa la kufunguka na viti saba vya abiria, na kazi yake ni kupeleka wageni Tarangire, Ngorongoro, Serengeti na, mara mojamoja, Ziwa Natron. Katika muda wa miaka miwili habu ya mbele kushoto, yaani kitovu cha gurudumu, ilifunguliwa mara nne katika gereji tatu tofauti, na kila mara nilirudishiwa gari nikiambiwa kwamba beringi mpya zimefungwa na tatizo limekwisha. Mara ya tano nililipeleka katika gereji moja ndogo iliyoko Unga Limited, hapa Arusha, na tangu siku hiyo limekwenda zaidi ya kilomita 11,000 bila gurudumu hilo kuguswa isipokuwa kwa ukaguzi. Mwenye gereji ameniomba nisimtaje kwa jina kwa sababu ana nafasi mbili tu za kufanyia kazi na tayari magari yanasubiri zamu, na nimeheshimu ombi lake. Kwa hiyo tathmini hii inahusu kazi yenyewe, namna ilivyofanywa, na mambo ambayo mwenye gari la porini ana haki ya kuyadai popote atakapolipeleka.

Nianze na hali iliyonifikisha huko. Mwezi Agosti, tukiwa tumekwisha kulipita lango la Naabi la kuingilia Serengeti kuelekea Seronera, nilihisi usukani ukivuta kushoto, na nilipokanyaga breki pedali ilizama chini kuliko kawaida kabla ya kushika. Baadaye nilikuja kuelezwa sababu yake: habu ikilegea, diski huyumba na kuzisukuma pedi za breki nyuma, kwa hiyo mara ya kwanza unapokanyaga mguu unakuta pengo. Niliposimama, harufu ya grisi iliyoungua ilinipokea kabla sijalifikia gurudumu, na tone la maji nililolidondosha juu ya habu lilichemka na kutoweka papo hapo. Nilipiga jeki, nikalishika tairi juu na chini, likacheza kama jino linalotaka kung’oka. Wageni wangu walihamishiwa kwenye gari la mwenzangu, nami nilisubiri habu ipoe, nikaifungua, nikakuta keji ya beringi ya nje, ile fremu inayozishika rola, imevunjika vipande vitatu na rola zimegeuka rangi ya bluu kwa moto. Beringi hiyo ilikuwa na umri wa wiki saba tu. Duka lililoniuzia liliniapia kuwa ni halisi, na gereji iliyoifunga ilinihakikishia kuwa imekaza vizuri. Yote mawili hayakuwa kweli, kama nitakavyoeleza.

Asiyeendesha huku anaweza kudhani kwamba gari limezidiwa umri. Ni kweli gari si jipya, lakini wanaotembea Serengeti wanajua mateso ya gurudumu ni yapi. Ukishavuka lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro na kuiacha lami, barabara ya changarawe imejikunja migongo migongo kama bati, na kila mgongo ni nyundo inayopiga rola za beringi dhidi ya kikombe chake (pete ya nje), mara nyingi kwa kila sekunde, kwa saa nzima. Beringi iliyokazwa sawasawa huigawa nguvu hiyo kwa rola nyingi. Iliyolegea huiacha iangukie rola mbili au tatu za chini, na baada ya muda kikombe huwa na vidimbwi vidogo vilivyopangika, ambavyo ukivipitishia ukucha unavihisi kimoja kimoja. Juu ya hayo kuna vumbi. Vumbi la njia ya Engaruka kwenda Ngare Sero, ambako Oldoinyo Lengai imemwaga majivu yake kwa karne nyingi, ni laini kama unga lakini linakwangua kama msasa, na mdomo wa sili, ule mpira unaozuia grisi isitoke na uchafu usiingie, ukishachoka hauwezi kulizuia. Kisha kuna maji. Habu iliyokimbia kilomita nyingi huwa ya moto na hewa iliyo ndani yake imetanuka. Ukiizamisha ghafla mtoni, hewa hiyo hupoa na kusinyaa, na mvuto unaotokea huyanyonya maji kupitia sili, hata kama sili hiyo haikuwa ikivuja siku ya kawaida. Matope ya Ndutu yenye magadi ni mabaya zaidi, kwa sababu yakishaingia hayasubiri ulirudishe gari mjini ndipo yaanze kula chuma. Ongeza uzito wa gari lililorefushwa, lenye friji, matairi mawili ya akiba na mizigo ya watu saba, nawe utaona kwamba beringi ya gari letu haiwezi kuhesabiwa kwa kilomita zilezile za gari la mjini.

Sasa niizungumzie gereji. Jambo la kwanza lililonivutia ni kwamba fundi mkuu hakugusa spana kwa karibu nusu saa. Aliniomba nimwendeshe barabarani, akasikiliza, akaniambia nikate kona pana kulia halafu kushoto. Alinieleza kwamba gari linapokata kulia uzito hulalia magurudumu ya kushoto, hivyo mngurumo ukizidi katika kona ya kulia, mshukiwa ni gurudumu la kushoto. Kwenye barabara mbovu sauti hiyo humezwa na kelele za barabara yenyewe, ndiyo maana alichagua kipande cha lami. Tuliporudi alilinyanyua gari, akalishika gurudumu juu na chini na kulitikisa, kisha akamwambia kijana wake akanyage breki huku yeye akiendelea kulitikisa. Kucheza kulikoma. “Kaka,” akaniambia, “kungeendelea hata breki ikiwa imeshika, ningekuambia ni beringi za kingipini. Kumekoma, kwa hiyo ni za habu.” Kingipini ni mhimili ambao gurudumu hugeukia usukani unapozungushwa. Gereji tatu zilizotangulia zilikuwa hazijafanya jaribio hilo ambalo halihitaji chombo chochote zaidi ya jeki na mguu wa mtu wa pili.

Ufunguaji wenyewe ulifanywa kwa ustaarabu ambao sikuuzoea. Kifuniko cha friwili, ile swichi inayounganisha gurudumu na shafti, kilitoka, nati sita za pembeni zikafunguliwa, na zile washa za koni ambazo hung’ang’ania kwenye stadi (boliti zilizosimama) aliziachisha kwa kugonga kwa kipande cha shaba. Wengi hutumia nyundo ya chuma na kuharibu meno ya stadi. Alipofika kwenye nati mbili za ndani alitumia soketi yake maalumu ya milimita 54. Alinionyesha pembe za nati zangu: zote zilikuwa na makovu ya tindo. Maana yake ni kwamba mafundi waliotangulia walikuwa wakizigonga kwa tindo na nyundo kuzikaza na kuzilegeza, na mtu anayekaza kwa tindo hana njia ya kujua amekaza kiasi gani. Washa ya kufungia iliyo kati ya nati hizo ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata ulimi wake mmoja ulikuwa umekatika. Washa hiyo bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kazi inayofanya, nayo haikupaswa kurudishwa hata mara moja.

Ndipo habu ikatoka, na stabu ikaonekana. Stabu ni ile shingo ya chuma ambayo beringi mbili za habu hukaa juu yake, na kwa ekseli za aina hii ndiyo hubeba uzito. Shafti inayopita katikati yake kazi yake ni kuzungusha tu. Fundi aliifuta kwa kitambaa, akaniita karibu, akaniwekea tochi. Mahali inapokaa beringi ya nje palikuwa na vidoa vingi vidogo vilivyopangwa kuzunguka shingo, kama tumbo la mbuzi lililochunwa. Vilikuwa alama za senta panchi, msumari mgumu wa kutia alama kwenye chuma. Fundi mmoja huko nyuma aliona beringi inacheza juu ya stabu, na badala ya kuniambia kwamba stabu imekwisha, aliipiga panchi ili chuma kivimbe na beringi ibane. Kubana huko hudumu kwa siku chache. Vile vidoa husagika, beringi huanza tena kuzunguka juu ya shingo, na chuma kilichosagika huchanganyika na grisi na kwenda kuzila rola. Nililipia kazi hiyo kwa fedha halali na sikuambiwa chochote. Sina namna nzuri ya kulieleza jambo hili ila kusema kwamba liliniumiza, kwa sababu katika gari hilo nilibeba watu.

Baada ya kuniacha niangalie, fundi alichukua maikromita. Alipima kwanza sehemu ya shingo isiyoguswa na beringi, kisha mahali pa beringi ya nje kwa pande nne, na tofauti ilikuwa sehemu 11 za mia ya milimita kutoka juu hadi chini, ambako ndiko uzito unakolalia, na chini ya nusu ya hapo kutoka ubavu hadi ubavu. Kwa maneno mengine, shingo haikuwa duara tena. Alinifafanulia kwamba kikombe cha beringi lazima kikae kwa kubana ndani ya habu, kwa kuwa habu ndiyo inayozunguka, ila ule mduara wa ndani unaruhusiwa kuteleza kwa mkono juu ya stabu ili nati iweze kuusogeza wakati wa kukaza. Kuteleza kwa mkono si kucheza. Ukishakuwepo uwazi unaoonekana kwa macho, hata beringi bora kuliko zote ikifungwa hapo ni kuitupa. “Hapa beringi haina kosa,” alisema. “Tumtafute anayeziua.”

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii, kwa sababu hakuishia kwenye stabu. Aliona kwamba grisi iliyotoka ndani ya lile tufe la chuma lililo nyuma ya gurudumu, ambamo imo jointi ya sivii, ile inayoiwezesha shafti kuzunguka huku gurudumu likikata kona, haikuwa grisi tena bali uji mweusi unaotiririka, wenye harufu kali ya oili ya difu. Sili ya ndani ya ekseli ilikuwa imepitisha oili kuja kwenye jointi, oili imeyeyusha grisi, na mchanganyiko huo umesogea hadi kwenye habu. Gereji nyingine zilikuwa zimeibadilisha sili hiyo mara mbili. Yeye alitambaa chini ya gari, akaifuatilia bomba nyembamba ya kupumulia inayotoka juu ya ekseli, akaichomoa na kuipuliza kwa mdomo. Haikupita hewa hata kidogo: kichwa chake kilikuwa kimeziba kwa udongo mweusi uliokauka kama saruji. Ekseli inapopata moto, hewa na oili iliyomo hutanuka. Isipopata pa kutokea huisukuma oili kwenye njia yoyote iliyo dhaifu, na njia dhaifu ni mdomo wa sili. Ukiivusha ekseli hiyohiyo mtoni, mambo hugeuka, nayo hunyonya maji. Kwa hiyo kwa miaka miwili nilikuwa nikilipia sili na beringi huku chanzo kikiwa tundu lisilozidi upana wa kalamu. Alilisafisha, akabadilisha bomba kwa ndefu zaidi na kuipandisha hadi karibu na betri, juu ya kina cha maji yoyote ambayo gari langu linaweza kuvuka.

Kuhusu stabu kulikuwa na njia tatu, na nilipenda kwamba alinieleza zote kabla ya kunishauri. Ya kwanza ni kuijaza kwa kulehemu kisha kuipeleka kwa mkerezaji. Ndiyo ya bei nafuu, na ndiyo aliyoikataa kabisa, kwa kuwa moto wa kulehemu huondoa ugumu wa chuma, huipinda shingo, na huacha mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Ya pili ni kununua mpya kwa wakala, ambayo ingenilazimu kusubiri iagizwe. Ya tatu ni stabu ya mtumba. Alituma vijana wakaleta tatu kutoka kwa wauzaji wa spea za Dubai, akazipima zote mbele yangu kwa maikromita ileile, akazirudisha mbili na kuichukua moja ambayo tofauti yake ilikuwa haizidi sehemu 2 za mia. Aliigonga pia kwa nyundo ndogo na kuisikiliza mlio, akaitazama shinani kwa kioo cha kukuzia akitafuta ufa. Bushi ya shaba iliyomo ndani ya stabu, ambayo huishikilia shafti isiyumbe, ilikuwa bado nzuri. Watu wengi huisahau bushi hiyo, nayo ikiisha shafti hucheza na kuikata sili mpya katika muda mfupi. Alinikumbusha pia nizifunge friwili na kutembea kwa muda kila mwezi hata pasipo matope, ili shafti izunguke na grisi iifikie bushi.

Beringi zenyewe zilikuwa Koyo, chapa ya kampuni ya JTEKT ya Japani, ambayo ndiyo niliyozoea kuikuta ndani ya habu za magari haya yakiwa bado hayajaguswa. Sina upendeleo wa jina. Timken na NSK nazo nimezitumia nyuma bila malalamiko. Ninachotaka kusema ni kuhusu feki, kwa kuwa ndizo zilizonilaza porini. Fundi aliiweka ile iliyoungua karibu na mpya, nami nikaona mwenyewe. Kwenye mpya, namba na herufi zimechorwa kwa usawa, zina kina kimoja, na uso wa chuma umepigwa msasa laini wenye mwelekeo mmoja. Kwenye feki herufi zilikuwa hafifu, moja imeinama, na namba ya kwenye kikombe haikulingana na ile ya kwenye koni, yaani pete ya ndani, jambo linaloonyesha kwamba vipande viwili vya asili tofauti vilitiwa katika boksi moja. Kikombe na rola za beringi ya namna hii ni wenza; huwezi kubadilisha kimoja ukaacha kingine, wala kuchanganya cha huku na cha kule. Boksi lilikuwa zuri sana, kiasi kwamba mimi na muuzaji tungeweza kuapa. Tangu hapo sinunui beringi dukani bila kuitoa ndani ya karatasi yake ya mafuta na kusoma namba za vipande vyote viwili. Muuzaji anayekataa nisifungue, naondoka.

Kazi ya kufunga ilichukua nusu siku, na hapa ndipo tofauti ya gereji hii na nyingine ilipoonekana wazi zaidi. Vikombe vya zamani viligongwa vikatoka, nyumba zake ndani ya habu zikasafishwa na kukaguliwa kama hazijapanuka, na vipya vikaingizwa kwa presi, huku akiangalia kwa tochi kama vimefika chini pande zote. Grisi ilikuwa ya lithiamu komplex, daraja la 2, inayostahimili joto la diski. Ile ya jointi ya sivii ilikuwa nyingine, yenye molibdeni, na kila moja ilikuwa na kopo na mwiko wake. Kila beringi aliijaza kwa kiganja: anaweka bonge la grisi katikati ya mkono, anaipigiza beringi ukingoni mwa bonge hilo upande mpana ukiwa chini, mpaka grisi itokeze juu kati ya kila rola, kisha anazungusha kidogo na kurudia. Ni kazi ya taratibu na isiyopendeza kuitazama kwa mtu mwenye haraka. Fundi anayepaka grisi kwa nje tu na kuijaza habu pomoni ameitia mahali isipohitajika na kuiacha beringi kavu katikati. Tena alikataa kuongeza grisi mpya juu ya ya zamani, kwa maelezo kwamba hakujua ya zamani ilikuwa ya aina gani na kwamba baadhi ya grisi zikichanganywa huyeyukiana na kuwa maji.

Kisha ukazaji. Aliikaza nati ya ndani kwa spana ya kupimia nguvu hadi niutoni-mita 59, akaizungusha habu mbele na nyuma mara kadhaa ili rola zikae, akailegeza kabisa, kisha akaikaza tena kidogo tu. Alipofika hapo alitoa mizani ya ndoano, kama ile ya kupimia nyama, akaifunga kwenye stadi ya gurudumu na kuivuta polepole, akisoma kilo zinazohitajika habu ianze kuzunguka. Alitaka ziwe kati ya 3 na 5 na nusu hivi. Mara ya kwanza ilisoma 2, akaongeza. Mara ya pili ilisoma 4. Aliweka washa mpya, akakaza nati ya nje, akapima tena, kwa sababu nati ya nje ikikazwa huisukuma ya ndani na kubadilisha kipimo. Ilisoma 4 na nusu, na ndipo akazikunja ndimi za washa, moja ndani na moja nje. Katika miaka yote niliyofanya kazi hii nilikuwa sijaona mizani ndani ya gereji. Nimeambiwa na mafundi wengi kwamba mkono wa mzoefu unatosha. Pengine upo mkono wa namna hiyo, lakini mikono minne iliyotangulia kwenye gari langu haikutosha, na mizani haizidi bei ya sili moja.

Ekseli ya nyuma haikuwa na shida kubwa, nayo niipitie haraka. Kwa gari hili shafti za nyuma huchomoka bila hata kutoa gurudumu, kwa kuwa uzito wote umebebwa na habu na nyumba ya ekseli. Alizichomoa, akatazama meno yake, akakuta hayajapinda, akabadilisha sili za nje na grisi. Wenye Hilux na Prado wajue kwamba kwao mambo ni mengine: beringi ya nyuma imebanwa kwenye shafti yenyewe na haitoki bila presi, kwa hiyo wasimruhusu mtu aigonge kwa nyundo akidai ni kitu kilekile.

Suala moja tulibishana. Nilikuwa nimefunga spesa za milimita 30 mbele, yale mabamba ya kulisogeza gurudumu nje, ili gari lisimame kwa upana na lipendeze, na nilitaka zirudishwe. Alikataa kuzifunga. Alichora kwa chaki sakafuni stabu, beringi mbili na gurudumu, akanionyesha kwamba gurudumu linapokaa katikati ya beringi mbili uzito hugawanyika, na kwamba kila milimita unayolisogeza nje unaongeza urefu wa mkono unaoing’oa beringi ya nje. Rimu pana zilizotokeza nje hufanya jambo lilelile. Niliondoka nimekasirika kidogo, na spesa ziko stoo hadi leo. Nilipofikiri kwa utulivu niliona kwamba kati ya vitu vyote nilivyoviongeza kwenye gari hilo, hicho ndicho pekee ambacho hakikuwa na kazi yoyote.

Gereji hii ina upungufu, na ni haki kuusema. Niliahidiwa siku moja na nusu, gari likakaa siku tatu, na siku ya pili nzima halikuguswa kwa sababu kulikuwa na gari jingine la dharura. Kwa mtu mwenye wageni wanaosubiri hilo ni hasara ya kweli, na hakuna aliyenipigia simu kunijulisha. Makadirio ya gharama yalitolewa kwa mdomo, na ingawa mwishoni hayakupishana sana na nilicholipa, ningependa yaandikwe. Ufundi wa magurudumu yote manne ulinigharimu shilingi 320,000 mbali na spea, ambayo ni karibu mara mbili ya nilivyozoea kulipa. Sioni kuwa ni ghali nikihesabu nilicholipa mara nne bila faida, lakini anayeingia bila kujua atashtuka. Jambo linalonisumbua zaidi ni uoshaji: habu na beringi zilioshwa kwa dizeli katika beseni lililo wazi, na dizeli chafu ikamwagwa nyuma ya uzio, penye mfereji. Nilimwambia fundi mkuu, naye alikubali kwamba si sawa. Nilipokwenda mara ya pili palikuwa na pipa la kukusanyia, ila lilikuwa limejaa na hakuna aliyelihamisha.

Nilirudi baada ya kilomita 1,000, kama nilivyoagizwa, na ukaguzi huo haukutozwa chochote. Gurudumu halikucheza. Walitumia kipimajoto cha mwanga baada ya kuniomba nitoke nje ya mji na kurudi bila kukanyaga breki kwa nguvu, na habu mbili za mbele zilipishana kwa nyuzi 3 tu, jambo ambalo ndilo la kutazamwa. Habu moja ikizidi mwenzake kwa nyuzi 20 au 30 katika safari moja, ina shida hata kama haijaanza kulia. Sasa nami ninacho kipimajoto cha aina hiyo ndani ya gari, na nikifika Naabi, wageni wanapokwenda kusaini na kunyoosha miguu, mimi hupita kwenye magurudumu manne na kuandika namba kwenye daftari. Safari ya mwisho kushoto mbele ilisoma 51 na kulia 49. Grisi nitaibadilisha gari likifikisha kilomita 20,000, au mapema zaidi nikilazimika kuvuka maji yanayofika kwenye habu, na nimekwisha kuweka nafasi ya wiki ya pili ya Novemba, kabla njia ya Ndutu haijalowa, ili waifungue habu ya mbele kulia ambayo stabu yake nayo ilisoma sehemu 5 za mia.